Mwanafunzi wa Kiswahili nyumbani kwako: mwongozo kwa familia za Unguja

Kila mwaka vijana kutoka Marekani, Ujerumani, Japani na kwengineko huja Unguja kusoma Kiswahili na kuishi na familia. Wengine husoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichoimeza ile taasisi ambayo watu wa mjini bado wanaiita Takiluki. Wengine huja na programu za vyuo vya kwao, kama ile ya SIT ya Marekani inayohusu ikolojia ya pwani. Darasani hukaa saa chache za asubuhi, na siku yote iliyobaki iko mikononi mwako: jikoni, ukumbini, uani, msibani na harusini. Mwanafunzi aliyekaa na familia inayomshughulisha huondoka anaongea. Aliyewekwa chumbani na kupelekewa sinia kama bwana harusi huondoka na daftari lililojaa na ulimi mzito. Basi kila hatua iliyomo humu iangalie kwa jicho hilo: je, inamtoa chumbani au inamfungia?

Kabla ya kukubali

Kaa na mratibu wa programu na myaandike makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja. Yawemo haya: milo mingapi kwa siku, nani anafua, nani analipia intaneti, malipo yanaingia tarehe ngapi na kwa njia gani, na itakuwaje mwanafunzi akihama katikati ya mwezi. Malipo yapitie kwa mratibu, yasipitie mkononi mwa mwanafunzi. Mtoto hawezi kuwa mtoto wa nyumba huku kila mwisho wa mwezi akimhesabia mama yake noti.

Wengi hupata hasara kwa sababu wanakisia gharama. Chukua daftari, andika matumizi ya jikoni ya wiki moja ya kawaida: mchele, samaki, nazi, mafuta, gesi au makaa, maji ya kunywa. Gawa kwa idadi ya watu mnaokula. Hiyo ndiyo gharama ya mtu mmoja wa nyumba yako. Kisha ongeza vitu ambavyo wewe huvinunui kila siku ila yeye atavitumia: mayai, matunda ya asubuhi, gesi ya kuchemshia maji, na umeme wa feni usiku kucha. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, huisha mbio mbio mwezi wa kwanza wa mgeni, kwa hiyo soma mita siku anayofika na baada ya siku saba, upate hesabu ya kweli ya kumwonesha mratibu badala ya malalamiko matupu.

Mjulishe sheha kabla mgeni hajafika, na akifika mpelekee kivuli cha pasipoti yake. Anayekaa muda mrefu kwa masomo huhitaji kibali cha ukaazi daraja C, lakini kukiomba ni kazi ya mwanafunzi na chuo. Pasipoti yenyewe ibaki kwake, kwenye begi au kabati lenye kufuli. Usiichukue kumtunzia, hata kwa nia njema.

Chumba

Mahitaji ni machache lakini hayana mbadala: kitanda chake mwenyewe, mlango wenye kitasa na ufunguo, dirisha lenye wavu, feni, meza na kiti cha kusomea, na taa inayomulika meza. Meza husahauliwa sana. Mwanafunzi asiyekuwa na meza husomea kitandani, akisomea kitandani hulala, na kesho yake mwalimu hulalamika.

Chandarua kiwe cha pembe nne. Vile vya duara vinavyoning'inia katikati hushuka kama hema, na mtu mrefu hulala mkono au mguu umegusa nguo ya chandarua. Mbu hamng'ati aliye mbali na wavu, ila aliyeugusa humpata kupitia tundu zake. Kichomekwe chini ya godoro pande zote, na umfundishe kukichomeka kabla magharibi haijaingia.

Umeme wetu ni volti 230 na soketi ni za pini tatu za bapa. Mmarekani hutoka kwenye volti 120, na plagi yake ni ya pini mbili nyembamba. Simu na kompyuta yake havina tatizo, kwani chaja zake zimeandikwa 100–240V. Adapta ya plagi inatosha. Kinachoungua ni mashine ya kukaushia nywele au pasi ya nywele iliyoandikwa 120V peke yake. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi umeme. Soma maandishi pamoja naye kabla hajachomeka kitu chochote chenye kupasha moto.

Siku ya kwanza

Atafika amechoka, saa za mwili wake zimepinduka. Usialike mtaa mzima. Mpe maji, chakula chepesi, umwoneshe choo, umwache alale.

Choo kinahitaji kuoneshwa hasa, bila haya, na mtu wa jinsia yake. Mwoneshe kata au mpira, ndoo ya maji, ndala za chooni zinakaa wapi, na kwamba karatasi haitupwi ndani bali kwenye pipa lenye kifuniko. Choo kikiziba sababu huwa ni hiyo, na yeye hataisema kwa aibu. Mwoneshe vile vile namna ya kuoga kwa kopo: ndoo moja ya lita 20 inamtosha mtu kichwa hadi miguu, lakini aliyezoea bomba la mvua humaliza mbili kisha akabaki na sabuni mwilini.

Nguo zake za nje zinaweza kufuliwa pamoja na za nyumba. Za ndani azifue mwenyewe na kuzianika chumbani au chini ya kanga. Mwambie mapema, kwa maneno ya wazi. Familia nyingi hunyamaza, halafu dada wa kazi huchukia, na kisa kinakuwa kikubwa kuliko nguo zenyewe.

Siku hiyo hiyo mpe karatasi ya kuweka mfukoni: jina la mtaa, alama ya karibu (msikiti, duka, mnazi), namba za simu za watu wawili wa nyumba, na namba ya daladala anayopanda. Betri ya simu ikiisha, karatasi haizimi.

Maji na chakula

Hapa ndipo wiki ya kwanza huharibika. Tumbo la mgeni halijavizoea vijidudu vya maji yetu, hata kama sisi tunayanywa bila madhara. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, yaache yaendelee kutokota dakika moja kamili, yapoe ndani ya chombo kile kile kimefunikwa. Mtu mzima kwenye joto letu anahitaji lita mbili mpaka tatu kwa siku, kwa hiyo chemsha lita tano kila usiku, upate na za kupigia mswaki. Makosa ya kawaida si katika kuchemsha, ni baadaye. Maji mazuri humiminwa kwenye jagi lililosuuzwa kwa maji ya bomba, au mtoto huchota kwa kikombe alichonywea. Tumia chombo chenye koki. Juisi ya ukwaju na ya embe nayo itengenezwe kwa maji hayo hayo, na barafu pia.

Kwa siku saba za mwanzo punguza mafuta, pilipili na tui zito. Mtu asiyezoea nazi akila wali wa nazi, mchuzi wa nazi na maharage ya nazi siku moja, tumbo litamwenda mbio, naye atadhani ameugua. Mpe mkate, ndizi, mayai, wali mweupe, samaki wa kukaanga, viazi. Matunda yawe ya kumenywa. Kachumbari ingoje, au mboga zake zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Urojo wa barabarani na vya Forodhani vipo, havikimbii. Ataanza navyo wiki ya pili, na aanze na kinachotoka motoni mbele ya macho yake.

Kiporo cha wali kinahitaji neno lake. Wali uliolala nje kwenye sufuria usiku kucha una vijidudu vilivyostahimili moto wa kupikiwa. Vinaota upya ukipoa polepole na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Ukiwa na friji, tandaza wali uliobaki kwenye sahani upoe haraka, uutie ndani kabla haijapita saa moja au mbili. Kama huna friji, mgeni asile kiporo.

Uliza mapema anachokikataa, na uulize kwa majina ya vyakula. Anayesema "sili nyama" huenda anamaanisha na samaki, na dagaa, na supu ya mifupa iliyotiwa kwenye mboga. Kwetu huyo hapati shida: maharage na mbaazi za nazi, choroko, kunde, mchicha, bamia, biringani, mihogo. Asiyekula ngano hawezi chapati, maandazi wala sambusa, lakini mkate wa kumimina ni wa mchele, na ndizi na viazi vitamu vipo. Mwenye mzio wa karanga ni jambo zito. Karanga hujificha kwenye kisamvu, kashata na mafuta yaliyokaangiwa jana, na kwake kijiko kimoja kinaweza kufunga koo. Akiwa na sindano yake ya dharura, watu wazima wote wa nyumba wajue inakaa wapi na inavyotumika: huchomwa upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo, kisha hospitali papo hapo hata akionekana amepata nafuu. Isiwekwe kwenye friji.

Na sahani. Kumlazimisha mtu ale ni mapenzi kwetu, lakini yeye hufundishwa kwao kumaliza kilichomo. Ukimwongeza anamaliza, akimaliza unamwongeza, mpaka anaanza kukimbia chakula cha usiku. Mwache ajipakulie. Mfundishe kusema "nimeshiba, alhamdulillahi, mkono wako mzuri", na akisema hivyo mara moja, ikubali. Sukari ya chai iwekwe pembeni atie mwenyewe. Na ile kauli ya furaha ya "mashallah umenenepa" mwekee akiba. Wasichana wengi wa kigeni hulia chumbani kwa neno hilo.

Saa

Kabla ya somo jengine lolote, hakikisha hili. Ukimwambia "njoo saa moja usiku" yeye huenda akasikia saa saba ya usiku wa manane, au akaandika moja kwenye simu yake. Kosa ni la saa sita kamili, na limewapotezea wengi boti ya Dar es Salaam. Wiki mbili za mwanzo taja wakati pamoja na tukio: "saa moja, baada ya magharibi". Kisha muulize simu yake itaonesha namba gani. Jibu likiwa saba au kumi na tisa, ameelewa.

Kiswahili kinafundishwa hivi

Weka sheria kuanzia siku ya tatu: nyumbani ni Kiswahili, ila kwa ugonjwa au hatari. Kikwazo kikubwa huwa ni mtoto wa sekondari anayetaka kufanyia mazoezi Kiingereza chake. Usimnyime, mpe nusu saa baada ya isha, kisha wote warudi kwenye Kiswahili.

Ongea polepole kidogo lakini usivunje lugha. Ukimwambia "wewe kwenda duka, leta mkate" atajifunza hivyo hivyo, na kuyatoa maneno hayo kichwani baadaye ni kazi. Akikosea, usimkatize kwa "siyo hivyo". Mrudishie usahihi ndani ya jibu. Akiuliza "kitabu yangu iko wapi?" mjibu: "Kitabu chako? Kitabu chako kiko juu ya meza." Amelisikia mara mbili, mazungumzo hayakukatika, na mara nyingi atalirudia mwenyewe. Chagua kosa la aina moja kwa wiki. Anayesahihishwa kila neno hunyamaza.

Jihadhari na "ndiyo" yake. Mwanafunzi asiyeelewa husema ndiyo ili asiudhi. Badala ya kuuliza "umeelewa?" sema "haya, niambie utafanya nini". Hapo ndipo utajua.

Kazi ndiyo mwalimu mkuu, kwa sababu neno huja pamoja na kitu na mkono. Chukua wali wa nazi. Mkalishe kwenye mbuzi akune nazi. Hapo ana kukuna, kifuu, machicha. Akamue tui la kwanza na la pili, achuje kwa chujio, aoshe mchele, ateleke sufuria, atie chumvi, aonje, akoroge. Wali ukikauka aupalie makaa juu, kisha aepue. Huyo ametumia vitenzi zaidi ya kumi kwa saa moja. Kesho yake muulize dada yake mbele yake, "jana tulipikaje?" na umwachie yeye ajibu: "tulikuna, tukakamua, tukachuja…" Masimulizi ya "-ka-" ambayo darasani huchukua wiki, jikoni huingia kwa sufuria mbili. Kijana wa kiume naye apite jikoni, kisha baba au kaka amchukue barazani kwenye kahawa, kwenye bao na karata, ambako watu husema haraka na kwa mafumbo. Asielewe mwanzoni, si kitu. Akae.

Mpe kazi ya kudumu iliyo yake: kununua mkate kila asubuhi, kumwagia maua, kuosha vyombo vya usiku. Kumtuma dukani peke yake na orodha isiyoandikwa, vitu vitatu tu, ni mtihani bora kuliko wowote wa chuoni. Akirudi na ndimu badala ya limau, mcheke naye, mmtume tena.

Adabu na mipaka

Shikamoo, hodi, mkono wa kulia, kuvua viatu mlangoni, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha: haya hufundishwa kwa kuyaona, na watoto wa nyumba ndio wasimamizi wazuri. Nguo zizungumzwe siku ya kwanza na kwa vipimo. "Vaa heshima" haimwambii kitu. Mwambie mabega na magoti yafunikwe akitoka, na kanga moja iwe karibu na mlango. Kaptura na nguo za kuogelea ni za pwani ya watalii, si za mtaani.

Mlango wake ukifungwa, si kiburi. Wengi wao wamekulia vyumba vyao wenyewe, na saa moja ya ukimya ndiyo pumziko lao. Watoto wabishe hodi. Mwanamume mtu mzima asiingie chumba cha mwanafunzi wa kike, kwa sababu yoyote. Mapenzi kati ya mwanafunzi na mtu wa nyumba hayaruhusiwi hata kama wote wawili wameridhia, kwa kuwa yeye amewekwa kwako kwa amana, na mambo yakiharibika hana nyumba nyengine ya kukimbilia. Pombe haiingii ndani. Saa ya kurudi usiku mkubaliane wiki ya kwanza, pamoja na mratibu, na anayechelewa apige simu. Majirani na jamaa waambiwe wazi kwamba mwanafunzi hakopeshi wala haombwi simu, viatu wala ada ya shule. Na wewe mwenyewe usimkope, hata elfu mbili ya mkaa.

Hamu ya kwao huja baada ya furaha ya mwanzo kupoa, mara nyingi katika mwezi wa kwanza. Analala mchana, anajibu kwa mkato, yumo kwenye simu na kwao usiku kucha. Usimhoji. Mwongezee kazi nyepesi za kufanya pamoja na mtu, mtoke naye, mpikie alichosema anakipenda. Asipokula siku mbili au akisema hataki tena kuishi, mpigie mratibu saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Akiugua

Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Malaria Unguja imepungua sana, lakini mwanafunzi huenda ametoka safari ya Bara, na mwili wake hauna kinga kama wa aliyekulia kwenye malaria. Wengi wao hutumia dawa ya kuzuia. Anayetumia doksisaikilini aimeze na chakula na maji mengi, asilale papo hapo kwani huunguza koo, na ajikinge na jua maana ngozi yake itaungua upesi.

Akiharisha, maji yake ni muhimu kuliko dawa. Kama hakuna pakiti za chumvichumvi, tengeneza: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anywe kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa kali, au kutapika kila anachokunywa ni safari ya hospitali. Akiumwa na mbwa, paka au kima, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hata kama ni mkwaruzo.

Tunza risiti zote na karatasi ya daktari, kwa sababu bima ya kwao hulipa kwa maandishi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje hutakiwa pia kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyotangazwa kwa dola 44 kwa mtu mzima na kudumu siku 92. Anayesoma muhula mzima atazipita siku hizo. Mkumbushe mapema.

Ramadhani

Asiyekuwa Mwislamu halazimiki kufunga, ila hali wala hanywi njiani mchana. Mwekee chakula cha mchana ndani, kwenye hotipoti, na umwambie mahali pa kulia ili asijifiche kama mwizi. Futari imkute mkekani pamoja na wote: tende, uji, mihogo na majimbi ya nazi, tambi, kaimati. Wengi huomba kujaribu kufunga siku moja. Akitaka mwamshe daku, anywe maji ya kutosha, na akizidiwa afungue bila kuonewa.

Wiki ya mwisho

Malizeni hesabu siku tatu kabla, pamoja na mratibu: ufunguo, malipo yaliyobaki, kilichovunjika. Begi la ndege mara nyingi lina kikomo cha kilo 23, na mizani ya dukani inatosha kulipima. Karafuu, iliki na mdalasini viwe vikavu na vifungwe vizuri. Matunda mabichi na mbegu hukamatwa uwanja wa ndege wa kwao. Magamba ya kasa na matumbawe asichukue, hata akipewa zawadi, kwani ni marufuku. Mwandikie mratibu kurasa mbili juu ya alichoweza na kilichomshinda, chakula kilichomkubali, na namna chumba kilivyofaa, kwa sababu mwanafunzi anayefuata atapangiwa nyumba kwa kufuata maelezo hayo.